Bei iliyoshuka kwa kila kona

Bei ya kwanza ilikuwa franka elfu sitini. Tulipofika upande wa uwanja wa Mazembe, kule Kamalondo, ilikuwa arobaini. Kona moja kabla ya kituo, polisi aliyebanana nami kwenye kiti cha mbele alisema ishirini na tano, "na tunaachana muzuri". Faini ya sheria haishuki kwa kona. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni kitu gani hasa kilikuwa kinauzwa ndani ya taksi ile, maana kosa la barabarani lilikuwa limebaki lilelile tangu tuliposimamishwa.

Kisa chenyewe ni kidogo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelala mahabusu. Nakiandika kirefu kwa sababu mimi ni avoka stajiere, yaani wakili aliye bado kwenye mafunzo, sheria nilikuwa nayo kichwani, na kosa la shofere lilikuwa la kweli. Visa vingi vya rulaji (polisi wa barabarani) vinavyosimuliwa hapa Lubumbashi, Kongo, ni vya mtu asiye na kosa na polisi mwenye njaa. Kisa cha namna hiyo hakihitaji kuchambuliwa, kila mtu anajua nani mbaya. Hiki changu kilinisumbua zaidi.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilipanda taksi kwenye soko la Kenya kuelekea mjini. Nilikaa mbele peke yangu, nyuma walikuwa watatu. Shofere ni papa wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache. Polisi mwenye kofia ya manjano akanyoosha mkono, tukasimama. Akaja dirishani na kusema kwa Kilingala, "Bimisa mikanda", yaani toa makaratasi. Shofere akatoa makaratasi: permi, karti roze, vinyeti, asuransi (bima), kontrole tekniki. Yote yalikuwa sawa. Nilimwona polisi akiyapekua moja moja, kama mama anayechagua mawe kwenye mchele, na kila karatasi lililokuwa zima lilimwongezea kununa. Mwishowe akazunguka nyuma.

"Papa, kanyaga frene."

Shofere akakanyaga.

"Taa moja haiwake."

Kweli haikuwaka. Nilishuka nikaangalia mwenyewe. Taa ya breki ya kushoto ilikuwa imekufa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, ingawa siku ile niliona nimefanya la maana. Badala ya kukubali taa na kuuliza tunaitengenezaje, nilianza na Katiba. Nilijitambulisha, nikamtajia kifungu cha 18, kile cha haki za mtu anayekamatwa, nikamwuliza jina lake na kituo chake, nikamwambia faini hailipwi mkononi. Yote kwa pamoja, kwa sauti ya mtu aliyemaliza chuo juzi. Polisi hakunijibu. Makaratasi yote aliyatia kwenye mfuko wa shati, akafungua mlango wa upande wangu na kunisukuma kwa kiuno. "Songea kidogo. Twende ku biro."

Wateja wa nyuma walishuka palepale. Mmoja alilipa nusu, wawili walikwenda zao. Kwa hiyo nyuma kulikuwa na nafasi tatu tupu, na yeye alichagua kubanana nami mbele. Nimelifikiria sana jambo hili dogo. Aliyekaa nyuma ni abiria. Aliyekaa mbele yuko karibu na ufunguo na usukani, na shofere anaiona kofia yake kila akigeuza shingo. Tangu mlango ule ulipofunguka taksi haikuwa tena ya papa yule, na safari haikuwa tena yangu.

Njiani ndipo bei ikaanza kushuka, kama nilivyosema.

Shofere alitaka kulipa tangu ile arobaini. Mimi nilimzuia. Nilimwambia twende tu mpaka kituoni, kule kuna OPJ (afisa wa polisi mwenye mamlaka ya upelelezi wa kisheria), kule wataandika PV (maandishi rasmi ya kosa), na PV ikiandikwa huyu hana kitu tena. Papa alinitazama kwa pembe ya jicho, asiseme neno. Alikuwa anaogopa kumkatalia metre, kama mawakili wanavyoitwa kwetu, mbele ya shefu.

Kituoni (sitakitaja) tulipokewa vizuri kuliko nilivyotegemea. OPJ alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye adabu. Aliniita Metre, akanipa kiti. Nikamweleza: kosa la taa tunalikubali, tunaomba liandikwe, faini ipangwe kwa utaratibu, tulipe Hazina ya Serikali tupewe risiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Metre, uko na haki kabisa. Tutaandika PV. Ila leo ni Ijumaa, saa kumi inafika. Ule wa makaratasi ya malipo alishatoka. Motoka itabakia hapa mupaka Lundi, halafu papa atarudia na noti yake ya perception." Yaani karatasi ya kulipia faini.

Hakunikatalia kitu. Alinipa kila nilichoomba, na palepale nikaelewa kwamba nimeshindwa.

Papa aliomba kutoka nje nami. Chini ya mwembe wa uani aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Metre, motoka haiko yangu. Patroni anangoja veresemani ya leo, ya Samedi na ya Dimanche. Njo weye utalipa?" Veresemani ni fedha ambayo shofere humpelekea mwenye gari kila siku. Nikamwambia ni haki yake. Akajibu: "Ndiyo, ni haki. Lakini ni miye njo minapita pale kila siku. Weye ulipita leo."

Aliingia peke yake. Baada ya dakika tano alitoka na makaratasi mkononi. Elfu ishirini. Hakuna PV, hakuna risiti. Hata taa haikutajwa tena. Tuliondoka na taa ileile iliyokufa, na hakuna mtu kituoni aliyekumbuka kwamba gari isiyo na taa ya breki inaweza kugongwa kwa nyuma jioni ile.

Sasa tuangalie sheria, kwa sababu kuna mambo niliyoyajua nikayatumia vibaya, na mengine nikayakumbuka usiku nikiwa kitandani.

Msingi wa yote ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, kanuni ya barabara tunayoitumia mpaka leo. Ni sheria ya wakati wa Zaïre. Inampa polisi aliyekabidhiwa kazi hiyo mamlaka ya kusimamisha gari na kuomba makaratasi, na shofere analazimika kuyaonyesha. Hapo hakuna ubishi: kusimama ni wajibu, kuonyesha ni wajibu. Asuransi nayo ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Anayegoma kutoa makaratasi kwa kudai "haki yangu" anajiongezea kosa lingine juu ya lile alilonalo.

Lakini kuona kosa ni jambo moja, na kupanga bei yake ni jambo jingine. Polisi wa barabarani analiona kosa na kulitaja. Si kila polisi ni OPJ, na wengi wa wale wanaosimama juani na kofia za manjano si OPJ. Kwa mujibu wa kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai, dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 9, ni OPJ ndiye anayeweza kumwambia mkosaji: lipa kiasi hiki, kesi iishe. Na kiasi hicho kinakwenda Hazina, hakiendi kwa OPJ mwenyewe. Siku hizi njia yake ni noti ya perception ya DGRAD (idara ya serikali ya kukusanya mapato), malipo benki, kisha uthibitisho wa malipo. Kwa hiyo watu ni watatu: anayeona, anayepanga, anayepokea. Ndani ya taksi yetu wote watatu walikuwa mtu mmoja, aliyebanana na mimi.

Ndiyo maana bei ilishuka. Alikuwa anauza kitu ambacho kingemtoka mkononi tukifika kituoni, kwa sababu kule angelazimika kugawana, au kukabidhi tu. Watafiti waliofuatilia polisi wa barabarani wa Kinshasa wameeleza utaratibu ambapo mkubwa wa kituo anampangia polisi wa chini idadi ya mashofere wa kuleta kila siku, na fedha yenyewe inapatikana kituoni, si barabarani. Ukisoma hivyo unaelewa mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kule kununa kwake kila karatasi lilipokuwa zima: huenda alikuwa na hesabu yake ya siku. Pili, ushauri wangu wa "twende kituoni" haukuwa tishio kwake hata kidogo. Nilikuwa namsaidia kazi.

Kuna kifungu cha 28 cha Katiba, kinachosema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Mashofere hupenda kukitaja kwa ajili yao. Mimi nadhani kinamhusu zaidi yule polisi wa chini anayeambiwa alete magari kadhaa kabla ya jua kuzama. Sijui polisi hata mmoja aliyewahi kukifungua mbele ya mkubwa wake.

Turudi kwa OPJ mwenye adabu. Aliposema gari itabaki mpaka Jumatatu, nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Dekreti ileile ya 1959 inampa OPJ ruhusa ya kukamata vitu vinavyoweza kutaifishwa na sheria au vinavyosaidia kuthibitisha au kukanusha kosa, na inataka vielezwe kwenye PV ya ukamataji ambayo mwenye kuvishika anatia sahihi. Gari "kubakia tu" si hatua ya sheria. Ama inakamatwa kwa maandishi na sababu ikatajwa, ama inaondoka na mwenyewe. Na sababu ingekuwa ipi? Taa iliyokufa inathibitishwa kwa sentensi moja ya PV. Haihitaji gari zima kulala uani siku tatu. Kama angesema haina usalama barabarani, basi jibu lilikuwa kununua taa na kuifunga palepale. Ningemwomba aandike ukamataji ule na kutia jina lake chini, nadhani mazungumzo yangebadilika. Si kwa sababu angeogopa sheria. Kwa sababu PV ya namna hiyo, yenye jina na saa, inaweza kusomwa na mtu mwingine.

Shofere mwenyewe angeweza kuzuiliwa? Hapana, na hakuna aliyelitamka waziwazi, ila neno "tutaona" lilipita mara mbili. Dekreti inamruhusu OPJ kumkamata anayeshukiwa kwa kosa linalobeba kifungo cha miezi sita au zaidi, kukiwa na dalili nzito. Taa ya breki haifiki huko. Na hata kwa makosa mazito, kifungu cha 18 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinataka mtu aambiwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au wakili wake, na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria.

Maneno yale, "lugha anayoielewa", nayapenda. Papa wetu anaelewa Kilingala cha barabarani, kama kila shofere wa hapa. Ameshaambiwa "bimisa mikanda" mara nyingi kuliko anavyoambiwa habari za asubuhi. Lakini mtu kuelewa amri si sawa na kuelewa anashitakiwa nini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa kwa kifungu cha 1 cha Katiba hiyohiyo. Kuomba kwa utulivu, "Shefu, niambie kosa kwa Kiswahili", si kiburi. Na kuna faida nyingine: kosa likishatajwa kwa lugha ya kila mtu, mbele ya abiria wanne, ni vigumu kuongeza la pili na la tatu baadaye.

Sasa lile elfu ishirini. Wenzangu ofisini waligawanyika hapa. Mmoja alisema papa amefanya rushwa, kwa hiyo anyamaze. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 iliyorekebisha kanuni ya adhabu inamwadhibu anayetoa sawasawa na anayepokea. Mwingine alisema hapana, hii ni konkusioni: mtumishi wa serikali anayedai fedha akijua haidaiwi. Katika konkusioni anayelipa hakununua upendeleo wowote. Ametozwa kwa nguvu ya cheo, na ni mhanga.

Mimi naona yote mawili yalikuwepo, na mpaka ulikuwa uani, chini ya ule mwembe. Kabla ya hapo, shofere aliyekuwa tayari kutoa arobaini ili kosa lake la kweli lisiandikwe alikuwa anakaribia rushwa, na ningekuwa mwongo nikimtetea vinginevyo. Baada ya hapo tulikuwa tumeshaomba kosa liandikwe na faini ilipwe Hazina. Hakukuwa tena na kosa la kuficha. Alichokilipia ni kurudishiwa gari ambayo hawakuwa na karatasi ya kuishikilia. Hilo haliitwi rushwa kwa upande wake. Kwa hiyo ukaidi wangu, ambao nilikuwa naujutia, ulibadilisha angalau jina la kitendo. Haukumrudishia hata franka moja, lakini kama angetaka kushitaki, asingeshitaki akiwa amefungwa mikono na kosa lake mwenyewe.

Na angeshitaki wapi? Watu wengi hukimbilia parke ya kiraia, yaani ofisi ya waendesha mashitaka. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaweka makosa ya askari wa jeshi na ya Polisi ya Taifa chini ya mahakama za kijeshi. Malalamiko ya jinai dhidi ya polisi yanakwenda oditora ya kijeshi, yaani kwa waendesha mashitaka wa jeshi. Malalamiko ya nidhamu yanaweza kupelekwa Inspeksheni Kuu ya Polisi. Nilimweleza papa tukiwa garini. Neno "kijeshi" lilitosha kumfunga mdomo mpaka mjini. Simlaumu. Mtu anayetaka haki ya elfu ishirini akiambiwa akaigongee kwenye mlango wenye askari, atahesabu upya.

Swali la simu linarudi kila ninapokisimulia kisa hiki: kwa nini sikurekodi? Nilikuwa nayo mfukoni. Niliogopa, basi. Simu ikiinuliwa, mada inahama kutoka taa ya breki kwenda kwenye simu yenyewe, na kuna uwezekano mkubwa ubaki bila vyote viwili. Nilichoweza kufanya, na sikukifanya, ni kuandika: saa, mahali, namba ya gari, maneno aliyosema na bei zake tatu. Karatasi na kalamu haviwashi hasira ya mtu. Bei tatu zilizoandikwa na saa zake, sitini, arobaini, ishirini na tano, zingekuwa ushahidi wenye uzito kuliko hotuba yangu yote, kwa sababu hakuna OPJ anayeweza kueleza faini iliyopungua zaidi ya nusu kati ya Kenya na kituo.

Ningepewa kuirudia siku ile, ningeanza na taa. "Ndiyo shefu, haiwake, tunakubali." Pale sokoni Kenya vipuri vinauzwa hatua chache kutoka barabarani, globu ingefungwa kabla wateja wa nyuma hawajachoka. Polisi anaweza kukataa, anaweza kusema kosa limeshatendeka, na kisheria atakuwa sawa. Lakini angelazimika kulisema mbele ya watu watatu waliokaa, si mbele ya gari tupu. Mimi niliwafukuza mashahidi kwa kifungu cha 18.

Na mlango wa mbele ningebaki nao. Kukataa kusogea si kupigana, ni kusema tu, "Shefu, kiti hiki nimelipia, nyuma kuna nafasi." Sijui kama angekubali.

Jumanne iliyofuata nilimkuta papa palepale Kenya. Alinisalimia vizuri, akanionyesha nyuma ya gari kwa fahari kidogo: alikanyaga breki, taa zote mbili zikawaka nyekundu. Aliinunua Jumamosi asubuhi kwa franka elfu tatu. Nilipofika kufungua mlango wa mbele, akauwahi kwa mkono wake.

"Metre," akasema, "leo kaa nyuma."